Saladi za Chofu

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mwaka wa tatu, anayesomea kilimo, alibisha hodi ofisini kwangu akiwa na mfuko wa saladi mkononi. Majani yalikuwa mapana na mabichi, hayana hata chembe ya udongo, kwa kuwa hayakupata kuugusa. Yeye na wenzake wanne wametega mabomba ya plastiki nyuma ya bweni, wakayatoboa matundu, na mizizi ya mimea inaning'inia ndani ya maji yanayozungushwa na pampu ndogo. Ndicho kilimo kinachoitwa haidroponiki. Shida yao, aliniambia, si maji wala pampu, ni mbolea. Mmea usio na udongo hutegemea virutubisho vilivyoyeyushwa majini, navyo huuzwa katika pakiti ndogo zitokazo ng'ambo, na pakiti hizo zilikuwa zimekwisha kulila bumu la watu watano.

Ndipo wakapata wazo. Bweni lao lina mamia ya vijana, na kila kijana hutoa mkojo kila siku. Waliandika barua wakiomba ruhusa ya kukusanya mkojo huo katika madumu, wautibu, kisha waulishe mabomba yao. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: jambo hilo haliendani na hadhi ya taasisi. Sasa alitaka nimpe hoja ya kihistoria ya kuambatisha kwenye barua ya pili. "Mwalimu," akasema, "kuna watu waliowahi kulima hivi?"

Nilimwambia akae. Swali lake lilinirudisha katika kisa ambacho nimekuwa nikikisimulia darasani kwa miaka kadhaa kama mzaha, nami sikuwa nimekifikiria hadi mwisho wake.

Japani ilisalimu amri Agosti 1945, na jeshi la Marekani likaingia kuitawala. Askari wale walitaka kula mboga mbichi kama walivyozoea kwao: saladi, nyanya, matango, figili. Mboga zilikuwapo tele mashambani, lakini madaktari wa jeshi walizikataza, kwa sababu mkulima wa Kijapani alirutubisha shamba lake kwa kinyesi na mkojo wa binadamu. Basi mwaka 1946 jeshi likajenga bustani za haidroponiki, moja Otsu karibu na Kyoto, na nyingine, kubwa zaidi, Chofu, magharibi ya Tokyo. Ile ya Chofu ilikuwa na ukubwa wa takriban hekta 22. Palikuwa na mahandaki ya saruji yaliyojazwa kokoto, na mara kadhaa kwa siku maji yenye chumvi za madini yalipandishwa hadi kwenye mizizi na kuachwa yateremke. Nyanya na saladi zikastawi juu ya mawe matupu, huku upande wa pili wa ua majirani wakiendelea kubeba ndoo zao mabegani.

Ujuzi wenyewe ulikuwa mchanga. Mwaka 1929 William Gericke, wa Chuo Kikuu cha California, alianza kuwaambia watu kwamba mazao yanaweza kulimwa kibiashara ndani ya maji, akawaonyesha minyanya mirefu iliyohitaji ngazi kuchumwa, na mwaka 1937 akautangaza ulimwenguni kwa jina la haidroponiki. Kabla ya vita shirika la ndege la Pan American liliutumia katika kisiwa cha Wake, katikati ya Pasifiki, na wakati wa vita jeshi likautumia Ascension, kisiwa cha majabali katika Atlantiki. Lakini Wake na Ascension hazikuwa na udongo wa maana. Chofu ilikuwa na udongo mzuri uliolimwa vizazi kwa vizazi. Pale haidroponiki haikuja kutatua uhaba wa ardhi. Ilikuja kuikimbia haja kubwa ya watu wengine.

Hapo ndipo darasa hucheka. Ila nitawatendea haki madaktari wale. Katika miaka hiyo zaidi ya nusu ya watu waliopimwa nchini Japani walikutwa na minyoo. Mayai ya minyoo hukaa udongoni miezi na miaka, yakangoja jani la saladi lililooshwa haraka haraka. Atakayewaambia kuwa elimu ya wahenga haikuwa na dosari, mwulizeni kwanza kuhusu minyoo.

Hata hivyo, kile walichokikimbia Wamarekani hakikuwa ushamba, bali mabaki ya mfumo mkubwa wa uchumi. Katika karne ya 18 mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, ulikuwa na watu wapatao milioni moja. Kinyesi chao hakikutupwa mtoni, kilinunuliwa. Wakulima wa vijiji vya jirani waliingia mjini na mboga, wakazibadilisha kwa mapipa ya kinyesi, na kadiri mahitaji ya mbolea yalivyopanda, mboga hazikutosha tena. Ikabidi walipe fedha taslimu. Kinyesi cha nyumba za wakubwa kilikuwa na bei ya juu kwa kuwa walikula vizuri zaidi. Huko Osaka, mwaka 1724, makundi mawili ya vijiji yaligombania haki ya kuzoa katika mitaa ya mji. Watu waligombania vyoo kama sisi tunavyogombania viwanja.

Na penye mali pana sheria ya mali. Katika nyumba za kupanga za Osaka, kinyesi kilikuwa haki ya mwenye nyumba, na mkojo, ambao bei yake ilikuwa ndogo, ukaachwa kuwa haki ya mpangaji. Mwenye nyumba alipokea kodi mwezi kwa mwezi, kisha akauza kile ambacho mpangaji alikiacha chooni, na wapangaji wakipungua, kodi ya waliobaki ilipanda ili kufidia mbolea iliyopotea. Wapangaji wa Manzese na Tandale wanaosoma hapa wataelewa upesi kuliko mimi. Mfumo ule husifiwa siku hizi katika vitabu vya mazingira kama mfano wa mji uliokula bila kuharibu mto wake, na sifa hiyo unaistahili. Ila wasifiaji huruka ukurasa huu wa mwenye nyumba, nami naona ndio ukurasa wenyewe. Mara tu uchafu ulipopata bei, ulipata na mwenyewe, naye hakuwa yule aliyeutoa wala yule aliyeubeba.

Sasa twende Uingereza, kwa kuwa ni London, si Edo, iliyotuachia sura ya miji yetu. London nayo ilikuwa na wazoaji wa usiku, waliochota mashimo ya vyoo na kuuza mashambani. Kilichouvunja mpango huo ni choo cha kuvuta maji. Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 19 nyumba ziliruhusiwa kuunganisha vyoo kwenye mifereji iliyojengwa kwa ajili ya mvua, na mifereji ile ilimwaga Thames, mto ambao watu walinywa. Kipindupindu kikaja mara kwa mara. Majira ya joto ya mwaka 1858 mto ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa kwenye chokaa ya klorini ili wabunge waweze kukaa ndani, na hapo ndipo, baada ya miaka ya kusitasita, fedha zikapatikana. Nawaachia watumishi wa umma wapime wenyewe uhusiano uliopo kati ya pua ya mbunge na kasi ya bajeti. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makuu yaliyosafirisha majitaka hadi mashariki ya mji, Beckton na Crossness, na kuyamwaga huko.

Kipindupindu kiliondoka London, na hilo si jambo dogo. Lakini katika miaka hiyo hiyo meli za Uingereza zilikuwa zikizunguka ncha ya Amerika Kusini kwenda kuchota kinyesi cha ndege. Visiwa vya Chincha, pwani ya Peru, vilikuwa na milima ya kinyesi hicho, guano, iliyojikusanya kwa maelfu ya miaka pasipo mvua. Kati ya mwaka 1840 na miaka ya 1870 mamilioni ya tani yalichimbwa, na waliochimba wengi walikuwa vibarua wa Kichina walioletwa kwa mikataba isiyotofautiana sana na utumwa. Taifa lililokuwa likilipia bomba la kutupa nitrojeni baharini lilikuwa likilipia pia meli ya kuileta nitrojeni kutoka upande mwingine wa dunia. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliwaonya, akamwandikia hata Meya wa London, kwamba majitaka yale ni rutuba ya mashamba inayozikwa baharini. Karl Marx, ambaye aliishi London na kuinusa, aliandika kwamba uchumi ule haukupata la kufanya na kinyesi cha watu milioni nne na nusu ila kuuchafua mto kwa gharama kubwa. Wanaharakati wengi humnukuu Marx kuhusu kiwanda. Ni wachache wanaokumbuka kuwa aliandika kuhusu choo.

Na hapa ndipo mbegu ya haidroponiki ilipopandwa, katika mjadala huo huo wa rutuba. Liebig alishikilia kuwa mmea hauli mboji, hula chumvi za madini. Miaka ya 1860 Julius von Sachs na Wilhelm Knop, huko Ujerumani, walithibitisha kwa kuotesha mimea ndani ya chupa za maji yaliyotiwa chumvi chache zinazojulikana. Mmea ulikua. Haukuhitaji udongo, haukuhitaji samadi. Ulihitaji naitreti, fosfeti, potasiamu na nyinginezo, na haukuuliza zimetoka wapi. Ugunduzi huo ungeweza kwenda njia mbili. Ungeweza kusema: basi kinyesi kikitibiwa hadi kikawa chumvi safi, ni mbolea kama nyingine yoyote. Au ungeweza kusema: basi kinyesi hatukihitaji tena. Dunia ilishika njia ya pili, kwa sababu mwaka 1909 Fritz Haber alifaulu kuikamata nitrojeni ya hewani maabarani, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikaanza kuitengeneza Oppau, Ujerumani, chini ya uongozi wa Carl Bosch. Nitrojeni ikawa mali ya kiwanda na nishati. Chofu, miaka 33 baadaye, ni mtoto wa Oppau. Baada ya vita wakulima wa Kijapani nao wakahamia mbolea ya chumvichumvi, na kile kilichopiganiwa Osaka kikageuka mzigo ambao manispaa hulipa ili uondolewe.

Nimetumia muda mrefu katika nchi za watu. Nirudi nyumbani, kwa kuwa sisi tulirithi London bila mabomba ya London.

Katika miji ya ukoloni mabomba ya majitaka yalianzia walikokaa wakubwa. Uswahilini kulibaki na mashimo, na penye vyoo vya ndoo palikuwa na topasi, mtu aliyepita alfajiri kabla watu hawajaamka ili asionekane. Lugha yetu ilimpa jina, lakini haikumpa heshima; hadi leo ni tusi kumwita mtu topasi. Ukoloni uliondoka, mashimo yakabaki. Sehemu kubwa mno ya wakazi wa Dar es Salaam leo hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Shimo likijaa huitwa gari la kunyonya, na pale gari lisipopita kwa ufinyu wa vichochoro huitwa vijana wanaoingia shimoni kwa miguu na ndoo. Mji umewapa jina: vyura.

Tazama basi tunavyokula. Majitaka yanayoletwa kwenye mabwawa ya Vingunguti, baada ya kutuama, huishia mto Msimbazi, na bonde la Msimbazi ni moja ya bustani za mchicha na matembele za jiji hili. Watafiti wamekuta vimelea vya kinyesi na madini mazito katika maji ya mto huo. Mkulima wa bondeni anayachota kwa sababu yapo mwaka mzima na kwa sababu yana rutuba. Hahitaji mhadhara wangu kuhusu nitrojeni. Kwa hiyo wanaosema kuwa kulisha mboga kwa majitaka hakuendani na hadhi yetu wamechelewa. Tunafanya hivyo tayari. Tunachokosa ni kuyatibu kwanza, na anayebeba hatari ni mwanamke aliyesimama ndani ya maji hayo na mnunuzi wa fungu la shilingi mia tano.

Upande wa pili wa daftari ni mbolea tunayoinunua. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipokuja juu ya bei iliyokwisha kupanda, mfuko wa mbolea uligeuka suala la kisiasa kote Afrika Mashariki. Serikali ya Tanzania ilizindua ruzuku Agosti ile, wakati wa Nane Nane. Kenya, Septemba, Rais Ruto alitangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba mfuko ungeshuka kutoka shilingi 6,500 za Kenya hadi 3,500. Sikatai kwamba hatua hizo ziliokoa msimu. Lakini ruzuku hulipia nitrojeni iliyotengenezwa kwa gesi ya wengine, na sehemu kubwa ya fosfeti duniani imelala Moroko na Sahara Magharibi. Sisi tuna Minjingu, mkoani Manyara, na nikitaja Minjingu sijizuii kutabasamu: miamba ile ya fosfeti ni kinyesi cha ndege waliokaa kando ya Ziwa Manyara la kale, lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa. Tumekubali bila aibu kuuza mifuko yenye kinyesi cha mnandi wa zama hizo.

Kijana wangu alikuwa amesikiliza kwa adabu, lakini niliona anataka nifike kwenye mkojo. Haya.

Katika majitaka ya nyumbani mkojo ni takriban asilimia moja tu ya ujazo, lakini ndani yake mna karibu asilimia 80 ya nitrojeni na kama nusu ya fosforasi. Ndiyo maana wahandisi wa leo wanasema kosa la London halikuwa kutumia bomba, lilikuwa kuchanganya: ukishatia lita moja ya mkojo katika lita mia za maji, pamoja na kinyesi chenye vimelea, kuirudisha nitrojeni ni kazi ya gharama. Utenge mkojo tangu mwanzo, na una chupa ya mbolea.

Jambo hili limejaribiwa kwa upana Durban, Afrika Kusini. Baada ya mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2000 na 2001, manispaa ya eThekwini ilijenga vyoo vipatavyo 80,000 vinavyotenga mkojo, katika viunga visivyofikiwa na mabomba. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Eawag ya Uswisi, manispaa hiyo na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal wakaanza mradi wa kuugeuza mkojo huo mbolea. Waliuita VUNA. Ni herufi za mwanzo za jina refu la Kiingereza, lakini kwa Kizulu, kama kwa Kiswahili, ukuvuna ni kuvuna. Mkojo huchukuliwa na bakteria wanaoigeuza karibu nusu ya amonia kuwa naitreti, na hilo huondoa harufu na kuizuia nitrojeni isitoroke hewani. Kisha hupitishwa kwenye mkaa maalumu unaonasa mabaki ya dawa za hospitalini, na mwisho huchemshwa hadi maji yapungue na vimelea vife. Kinachobaki ni kioevu cha rangi ya chai. Uswisi walikiita Aurin, na mwaka 2018 serikali yao ilikiidhinisha kitumike kwa mazao ya chakula. Durban, watafiti wa chuo kikuu walikwenda mbali zaidi wakajaribu minyanya ya haidroponiki kwa maji ya mtambo mdogo wa majitaka na kwa mkojo uliotibiwa hivyo. Japani nako, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mkoa wa Shimane umekuwa ukivuna fosforasi katika mtambo wa majitaka kwa kuigandisha iwe punje za struvaiti, na mwaka 2022, bei zilipopaa, serikali ya nchi hiyo iliagiza tope la majitaka litumike zaidi mashambani. Wajukuu wa majirani wa Chofu wamelirudia pipa la babu, safari hii likiwa na vipimo.

Nilimtahadharisha kijana kwamba si kumwaga dumu kwenye bomba tu. Mimea mingi ya haidroponiki huipenda naitreti na huungua kwa amonia ikizidi, nusu iliyobaki katika kioevu kile bado ni nyingi kwa saladi. Mkojo una chumvi tunayokula mezani, nayo hujikusanya katika maji yanayozunguka hadi mizizi ikashindwa kunywa. Una upungufu wa kalisi, magnesi na chuma. Udongo husamehe makosa hayo. Maji matupu hayasamehi. Aliyajua yote. Walikuwa wamekwisha kuchora pipa la bakteria na pampu ya hewa ya tangi la samaki.

Basi sikuona shaka katika sayansi yake. Shaka yangu ilikuwa kwingine. Durban, wenye vyoo vile wengi hawakuvipenda. Waliviona vyoo vya maskini, walivyopewa ili mabomba yasiwafikie kamwe, na katika nchi ambayo bomba liligawiwa kwa rangi ya ngozi miaka mingi, huwezi kuwaambia wanakosea. Manispaa ilijaribu hata kuwalipa watu fedha kidogo kwa kila dumu la mkojo. Madumu yalitawanyika juu ya vilima, na gharama ya kuyakusanya nyumba kwa nyumba ikawa kikwazo kizito kuliko kemia yenyewe. Utaratibu ulivumbuliwa viungani mwa Durban na maabarani Uswisi. Idhini ya kulisha chakula ikapatikana Uswisi. Kwetu, mbolea husajiliwa na mamlaka iliyo chini ya wizara ya kilimo, majitaka yako chini ya wizara ya maji, vyoo ni vya wizara ya afya na halmashauri. Dumu la kijana huyu lingehitaji kupita meza zote hizo, na kila meza ingelitazama kwa pua.

Lakini tuseme limepita. Tuseme kesho mkojo wa Dar es Salaam una bei. Ni wa nani? Mwenye nyumba wa Manzese hatachelewa kujibu, kama hakuchelewa wa Osaka. Mwaka 1908 utawala wa kigeni wa Shanghai ulimuuzia mkandarasi mmoja haki ya kuzoa kinyesi cha eneo lake, tani 78,000, kwa dola 31,000 za dhahabu. Waliokaa juu ya vyoo hawakuona hata senti. Kampuni yenye leseni itaomba haki ya kipekee, itapewa, na kijana anayeingia shimoni leo bila glavu atakuwa mvamizi wa mali ya kampuni. Sijatunga. Wazoa taka wa majalalani wanajua kilichotokea chupa za plastiki zilipoanza kununuliwa.

Nilipomaliza, kijana alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa kwa mabomba yao swali hilo limekwisha kuulizwa. Kabla ya kuandika ile barua walikuwa wamejaribu kwa siku tisa, kimya kimya, kwa dumu moja. Aliyekuwa akifanya usafi wa bweni, mama mmoja wa makamo, aliligundua siku ya pili. Walidhani atawashtaki. Walimwamkia, wakamweleza yote: naitreti, bakteria, bei ya pakiti. Akawasikiliza hadi mwisho, akaita, "Wanangu, nimeelewa." Kisha akauliza dumu likijaa litashushwa na nani kutoka ghorofa ya tatu.

Walijibu kuwa watashusha wenyewe.

"Sasa mnashusha kwa sababu ni jaribio," akawaambia. "Likiwa kazi, mtaniita mimi. Niandikieni na hilo kwenye barua, na mshahara wake."

Nilimwuliza kama waliliandika. Akasema hapana, waliona barua imekuwa ndefu. Nikamrudishia karatasi yake, nikamkatia sehemu ya kuliweka, aya ya pili, juu ya historia yangu yote. Saladi aliniachia. Niliiosha kwa maji ya chumvi, mazoea ya nyumbani, na tukaila jioni ile. Ilikuwa bado ni ya pakiti za ng'ambo.